Kwanza mtoto, kisha mnazi, sasa jina lako

Meseji haikutumwa kwake. Ilitumwa kwa ustadhi aliyemfundisha madrasa, kwa fundi cherehani aliyemshonea nguo ya Idi, na kwa mzee ambaye mwezi ule ule alikuwa anajiandaa kuwa baba mkwe wake. Deni lenyewe lilikuwa shilingi 2,800 na lilikuwa limechelewa siku sita. Rafiki yangu huyu anauza viatu vya mitumba hapa Malindi, na alijua kuna noma pale shangazi yake alipompigia akamuuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, umeiba nini?" Maana meseji ilisema ni mwizi, anatafutwa, na kwamba wewe unayeisoma umeandikwa kama mdhamini wake, kwa hivyo mwambie alipe kabla ya saa kumi, la sivyo utafuatwa wewe.

Mdhamini wapi? Fundi cherehani hata jina lake la pili halijui.

Kila nikiandika juu ya mambo haya, wengi mnajibu kwa njia mbili. Kuna wale wa "si angelipa tu?" na kuna wale wa "hizi apu zimetuletea ushetani mpya". Wa kwanza nitawarudia. Wa pili nataka kubishana nao leo, kwa sababu upya wenyewe siuoni. Mdai anayempigia mama mkwe wako ni mtu wa kale sana hapa Pwani. Swali lake ni lile lile lililoulizwa miaka 140 iliyopita kati ya Takaungu na Malindi: nishike nini chako, kitu kinachokuuma, ili usilale mpaka unilipe?

Kitu hicho kina jina. Kinaitwa rehani. Unamwachia mdai kitu chako, unapata unachohitaji, ukilipa unakikomboa. Neno lenyewe lilikuja na Kiarabu, na katika sheria ya Kiislamu lina masharti yake. Mnajua aya ndefu kuliko zote kwenye Kurani inahusu nini? Ni ya 282 katika Sura Al-Baqara, na inahusu deni: liandikwe, liwe na muda, liwe na mashahidi. Aya mbili kabla yake inamtaka mdai ampe nafasi mdaiwa aliyebanwa. Aya inayofuata ndiyo inayotaja rehani. Kwa hivyo hakuna mtu wa mwambao huu anayeweza kusema alikopesha bila kujua kanuni. Kanuni zilikuwepo. Ugomvi wetu wote umekuwa juu ya mambo mawili: ni kitu gani kinaruhusiwa kuwekwa rehani, na nani anaangalia.

Sasa turudi nyuma, mpaka mwaka 1884.

Malindi ya wakati huo usiifikirie kwa pizza na nguzo ya Vasco da Gama. Katikati ya karne ya 19 mji ulikuwa magofu na vichaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1860 Sultani wa Zanzibar akaufufua, akapeleka askari na walowezi, na ndani ya miaka ishirini hivi Malindi ikawa ghala la nafaka. Mtama na ufuta vilipakiwa kwenye majahazi vikaenda mpaka Uarabuni. Kusini kidogo, Takaungu, walikuwepo Wamazrui waliohamia huko baada ya kung'olewa Mombasa mwaka 1837, nao pia wakilima na kufanya biashara na Wagiriama. Waliolima mashamba yale walikuwa watumwa.

Halafu tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash, akiwa amebanwa na Waingereza, akasaini mkataba wa kufunga biashara ya watumwa baharini. Soma vizuri hapo: biashara ndiyo iliyofungwa. Utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali. Mashamba ya Malindi yalikuwa yale yale, yanataka mikono ile ile, na sasa mikono ilikuwa adimu na ghali. Mwenye shamba akaanza kutazama karibu. Karibu yake ni nani? Ni watu wa bara kidogo tu nyuma ya mji: Wagiriama, Waduruma, Warabai, Mijikenda kwa jumla.

Mijikenda walikuwa na desturi yao ya rehani. Njaa ikibana, ukoo uliweza kumweka mtoto, mara nyingi mpwa, kwenye nyumba ya mtu mwenye chakula. Mtoto anafanya kazi kule, anakula kule, nyinyi mnapata nafaka. Msimu ukiwa mzuri mnarudisha, mtoto anarudi. Sisemi ilikuwa desturi nzuri. Hakuna aliyemuuliza mtoto. Lakini ilikuwa na mpaka: aliyewekwa rehani hauzwi. Bado ana wajomba, bado ana kwao, na watu wanajua analala wapi.

Njaa ya mwaka 1884 na 1885, ile wazee wanaiita Mwakisenge, ndiyo iliyovunja huo mpaka. Watu wengi mno waliwekwa rehani kwa wakati mmoja, kwenye miji ambako binadamu alikuwa na bei nzuri. Baadhi ya walioshika rehani wakafanya hesabu: nisubiri ukoo huu urudi na nafaka yangu, au nimuuze huyu leo? Wakauza. Wengine walivushwa kimyakimya kwa jahazi mpaka Pemba kwenye mashamba ya karafuu. Hebu jiweke pale: umevuna hatimaye, umebeba mzigo wako toka Kaya Fungo huko mpaka pwani kumkomboa binti wa dada yako, halafu mlangoni unaambiwa hayuko.

Hiyo picha huwa hainitoki, na ndiyo sababu nimeanzia hapo. Rehani haikuharibika kwa sababu watu walikataa kulipa. Iliharibika kwa sababu aliyeshika rehani alipata soko la kuiuza, na hakukuwa na wa kumzuia.

Njaa nyingine kubwa ikaja mwishoni mwa miaka ya 1890, ikaitwa Magunia kwa sababu ya magunia ya chakula cha msaada. Mwaka 1907 serikali ya Waingereza hatimaye ikafuta utumwa kisheria katika Pwani yetu, na fidia wakapewa mabwana. Ndiyo, mabwana. Waliokuwa watumwa hawakupewa hata jembe. Lakini angalau jambo moja lilikuwa limeandikwa: mwili wa mtu hauwezi kuwa mali ya mtu mwingine, kwa deni au bila deni.

Mdai mwingine alikuwa ameshafika, na huyu hakuwa amekopesha mtu yeyote. Kodi ya nyumba ni deni usilolikopa: una nyumba, basi unadaiwa rupia. Huna? Mbuzi wanachukuliwa, au uende kibarua. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza alizunguka kwa Wagiriama akiwaapisha wasitoe kodi wala vijana wa kazi. Oktoba mwaka huo akakamatwa, akapelekwa Kisii, akatoroka, na Agosti 1914 Waingereza wakailipua Kaya Fungo kwa baruti. Sanamu yake iko hapa Malindi, watu wanapiga selfi. Sijawahi kuona mtu anayemtaja kama mtu aliyepinga wadai. Mimi naona alikuwa mmoja wao, tena wa kwanza kwa sauti.

Mabwana wa mashamba nao hawakubaki salama, na hapa napita haraka kwa sababu kuna watu wamewasikitikia vya kutosha. Watumwa walipoondoka, mashamba ya Malindi yakaanza kuwekwa rehani kwa wafanyabiashara Wahindi. Riba ni haramu, kwa hivyo watu walitumia mbinu: "unamuuzia" mkopeshaji shamba kwa karatasi, unabaki na haki ya kulinunua tena ndani ya muda fulani, na kwa sasa unamlipa kodi ya kukaa kwenye shamba lako mwenyewe. Bei ya khiyari, iliitwa. Muda ukipita, shamba limekwenda. Zanzibar mambo haya yalifika mahali serikali ikatunga sheria za ardhi na madeni mwaka 1934 kuzuia mashamba ya mikarafuu yasiishie yote mikononi mwa wakopeshaji, na mwaka 1937 wafanyabiashara Wahindi wakagomea karafuu. Deni lilikuwa siasa zamani sana, kabla ya mtu yeyote kujiita hasla.

Na Kenya ya mkoloni ilikuwa na dawa yake ya ajabu. Kufikia 1948 kulikuwa na sheria iliyozuia mfanyabiashara asiye Mwafrika kumkopesha Mwafrika zaidi ya shilingi 200 bila idhini ya serikali. Walisema wanatulinda. Ulinzi wa kukuambia huwezi kukopa kwa sababu wewe ni kama mtoto, huo mimi siuhesabu. Duka la Mhindi likawa linaweza kukuuzia sukari kwa deni, lakini mtaji wa kufungua duka lako mwenyewe usahau.

Sasa twende Kaloleni, mahali ninapopapenda kuliko pote kwenye hadithi hii.

Mwanaanthropolojia Mwingereza David Parkin alifanya utafiti kule miaka ya 1960, na mwaka 1972 akatoa kitabu kiitwacho Palms, Wine, and Witnesses. Nilikisoma baada ya kuacha chuo, chuoni kwenyewe hakuna aliyewahi kunitajia. Jina lake limetaja vitu vitatu: minazi, mnazi wa kunywa, na mashahidi. Hicho cha tatu ndicho kilichonifanya niandike haya.

Kwa Wagiriama wa Kaloleni, mnazi unaweza kuwa na mwenyewe tofauti na mwenye ardhi. Kwa hivyo ukibanwa na pesa ya mahari, au ya hanga, unaweza kuweka rehani minazi kumi na bado ukaendelea kulala nyumbani kwako chini ya ile ile minazi. Mkopeshaji anaangua nazi zake za kutengeneza mbata, au anamweka mgema, mpaka siku utakayomrudishia pesa. Mnajua ule msemo wa kukopa harusi, kulipa matanga? Kule walikuwa wanakopa kwa ajili ya vyote viwili.

Mbata ilikuwa inalipa, na vijana wachangamfu wenye pesa ya biashara wakaanza kukusanya minazi ya watu. Kufikia miaka ile ya 60 baadhi yao walikuwa na mashamba makubwa kweli. Kuna kitu kidogo cha kuchekesha pia: baadhi yao waliugua, mganga akapiga bao akasema mgonjwa ana pepo Mwislamu, dawa yake ni kusilimu. Akisilimu haruhusiwi kunywa mnazi wala kula vya kila mtu, kwa hivyo hatarajiwi kumaliza pesa zake kwenye sherehe za wengine. Pepo alikuwa mhasibu mzuri sana, mazee.

Lakini huyo kijana tajiri alikuwa na tatizo moja. Miaka kumi ikipita, mwana wa mkopaji anakuja na pesa mkononi: nataka kukomboa minazi ya baba. Kijana anajibu: baba yako aliniuzia, hakuweka rehani. Karatasi hakuna. Nani anasema ukweli? Wanaitwa wazee waliokuwepo siku ile. Wao walisimama pale shambani, waliiona miti, waliuona mkono uliotoa pesa na mkono uliopokea. Neno lao ndilo linaloamua. Kwa hivyo hata tajiri alilazimika kukaa vizuri na wazee, kuhudhuria misiba, kutoa cha kutoa, kwa sababu mali yake yote ilikuwa imeandikwa ndani ya vichwa vyao.

Wazee nao walikuwa watu, walipendelea, na familia nyingi zilipoteza minazi yao moja kwa moja. Sitaki kupaka asali. Ninachotaka ukione ni nafasi ya wale watu wa pembeni. Mashahidi waliitwa deni linapoanza, mchana, mkopaji akiwapo na akikubali. Walikuwa mashahidi wa pande zote mbili. Mdai akizidisha, hao hao ndio wa kumrudisha.

Sasa chukua simu yako. Ndani kuna majina labda mia nne. Nao ni watu wako wa pembeni. Tofauti ni kwamba hakuna aliyewaita, hakuna aliyewauliza, na wanaletwa deni linapoharibika, wakielekezwa upande mmoja tu. Apu imechukua mashahidi wako ikawageuza kuwa rehani.

Tumefikaje hapo? M-Pesa ilianza mwaka 2007. Novemba 2012 ikaja M-Shwari, mkopo kwenye simu bila kuona meneja wa benki. Baada ya hapo zikamiminika apu, na Januari 2019 Fuliza. Mtu asiye na hati ya shamba, na Kilifi sisi ni wengi tusio na hati, kwa mara ya kwanza akaweza kukopa bila kuweka kitu. Ndivyo tulivyodhani. Kumbe wakati wa kupakua ulibonyeza "ruhusu" mara tatu: ruhusu isome meseji, ruhusu ione majina, ruhusu ijue uko wapi. Pale ndipo uliposaini rehani.

Mwanzoni wadai walikuwa na fimbo nyingine, CRB. Watu wakaorodheshwa kwa shilingi mia tano. Aprili 2020 Benki Kuu ya Kenya ikazinyang'anya apu zisizodhibitiwa nafasi ya kupeleka majina CRB. Nilifurahi kama kila mtu. Lakini ukinyang'anya mtu fimbo bila kumfunga mikono, anaokota jiwe, na jiwe lilikuwa tayari ndani ya simu zetu: aibu.

Aibu kwetu si jambo dogo. Pwani tuna kusuta. Mtu akikukosea unaweza kwenda na wenzako mpaka mlangoni kwake mkamsema mbele ya mtaa. Lakini msutaji anakuja na uso wake. Unaweza kumjibu, jirani anaweza kuingilia kati, na kesho mtakutana sokoni, kwa hivyo ana cha kupoteza akisema uongo. Kijana aliyekaa ofisini na orodha ya majina, anayejiita "Wakili Kevin" leo na "Inspekta Kevin" kesho, hana kesho na wewe. Anasuta bila mlango.

Sheria ilichelewa, lakini ilikuja, na hapa ndipo nawaomba msome polepole. Mimi si wakili, nimesoma tu karatasi ambazo kila mtu anaweza kuzisoma.

Sheria ya Ulinzi wa Data ilipita Novemba 2019. Desemba 2021 sheria ya Benki Kuu ikarekebishwa, na Machi 2022 zikatoka kanuni za wakopeshaji wa kidijitali. Kila mkopeshaji alitakiwa kuomba leseni. Kufikia Septemba 2022 waombaji walikuwa 288, na waliopewa leseni walikuwa 10. Fikiria hiyo hesabu. Leo wenye leseni ni wengi zaidi, na orodha iko kwenye tovuti ya Benki Kuu, unaweza kuitazama kabla ya kupakua chochote.

Kanuni zile zinamkataza mkopeshaji, au wakala aliyemtuma, kutisha au kutumia nguvu, kutukana, kuwapigia au kuwaandikia watu walio kwenye simu yako bila idhini, na kuweka habari zako mtandaoni ili uaibike. Ukichelewa wiki au ukichelewa mwaka, hilo halibadiliki. Na mtu hawi mdhamini kwa sababu namba yake iko kwenye simu yako. Udhamini lazima yeye mwenyewe aukubali. Google nao, kuanzia mwisho wa Mei 2023, walizikataza apu za mikopo zilizo kwenye duka lao kusoma majina na picha za simu. Kwa hivyo ukikuta apu ya mkopo ambayo bado inaomba majina, kuna uwezekano mkubwa umeitoa kwenye kiungo cha pembeni. Ifute.

Je, kuna aliyewahi kuadhibiwa kweli? Wapo. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data, Immaculate Kassait, aliitoza kampuni ya Mulla Pride, mwenye apu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia namba za watu walizozitoa kwingine na kuwatumia vitisho. Aprili mwaka huo kampuni ya Whitepath ilikuwa imetozwa milioni 5. Kilichoanzisha kesi hizo ni malalamiko ya watu wa kawaida kama wewe.

Na vitisho vya jela? Kudaiwa ni jambo la madai, si uhalifu. Polisi hawana kazi ya kukukusanyia mtu deni lake. Septemba 2010, mwezi mmoja tu baada ya Katiba mpya, Jaji Martha Koome, ambaye baadaye akawa Jaji Mkuu, aliamua kwamba kumfunga mtu kwa sababu tu hana uwezo wa kulipa deni kunapingana na mkataba wa kimataifa ambao Kenya imeuridhia. Mwaka 2012 Jaji David Majanja akaliweka sawa zaidi: jela ya madai bado ipo, lakini mahakama lazima kwanza itenganishe anayeshindwa kulipa na anayekataa huku anazo. Hiyo ni kazi ya hakimu, baada ya kesi na baada ya wewe kusikilizwa. "Inspekta Kevin" hawezi kuifanya kwa meseji. Na hata huko, anayekudai ndiye anayelipia chakula chako ukiwa ndani. Ndio maana wengi hawafiki.

Kutisha kwamba "tunakuja kubeba vitu" nako kuna utaratibu wake. Dalali wa mnada lazima awe na leseni. Akikuja kwa amri ya mahakama anaorodhesha mali, anakupa notisi ya siku saba kwa maandishi kabla ya kubeba. Nguo zenu za kuvaa, sufuria za kupikia na vitanda sheria imevitenga, havibebwi. Akina mama wa vikundi vya mikopo, nawasemesha hasa nyinyi, maana nimeona godoro likitolewa nje mchana kweupe na wanakikundi wenyewe huku afisa wa mkopo amesimama kando anaangalia saa. Kikundi si mahakama.

Sasa wale wa "si angelipa tu". Mko sahihi nusu. Deni ni deni, na dawa yake mnaijua. Rafiki yangu alilipa ile 2,800 pamoja na nyongeza iliyokuwa kwenye mkataba, akaweka ujumbe wa M-Pesa kama ushahidi. Halafu, kama jambo la pili kabisa, akakusanya skrinshoti kutoka kwa ustadhi, kwa fundi na kwa shangazi, zenye namba na saa, akaandika malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Ni bure, inafanyika mtandaoni, na sheria inawapa siku 90 kumaliza uchunguzi. Yeye bado yuko ndani ya siku hizo. Mambo haya mawili msiyachanganye. Ukikosa kulipa, anayekudai ana njia zake: anaweza kukuorodhesha CRB baada ya notisi ya siku 30, anaweza kukupeleka Mahakama ya Madai Madogo inayosikiliza kesi za mpaka shilingi milioni moja. Akiziacha njia hizo akaenda kwa baba mkwe wako, sasa ni yeye aliyevunja sheria, na deni lako halimpi ruhusa.

Baba mkwe mwenyewe, kwa taarifa yenu, alicheka akasema hata yeye anaishi kwa Fuliza. Shangazi ndiye bado anauliza.

Kuna rehani moja mpya ambayo sijaona mtu akiipigia kelele huku kwetu. Simu za lipa polepole. Unatoa kiasi cha kwanza, unalipa kidogo kidogo kila siku, ukikosa simu inajifunga yenyewe mkononi mwako. Desemba 2024 sheria ilipanuliwa ili Benki Kuu isimamie watoa mikopo wengi zaidi wasiopokea amana, wakiwemo wa nunua sasa lipa baadaye. Hiyo ni hatua. Lakini fikiria kijana wa bodaboda pale Mambrui. Wateja wake wako ndani ya hiyo simu, na M-Pesa yake pia. Yule mzee wa Kaloleni akiweka minazi rehani, bado alibaki na jembe na panga la kutafutia pesa ya kuikomboa. Sheria yetu ya mashauri ya madai inasema hata mahakama isichukue vifaa ambavyo mtu anavihitaji kwa kazi yake. Simu inayojifunga haisubiri mahakama. Je, simu ya bodaboda ni kifaa cha kazi? Natamani sana mtu alipeleke swali hilo mbele ya jaji, na natamani kesi hiyo iandikishwe hapa hapa Malindi.